Simu au kishikwambi kwa kazi ya habari? Jibu linatakiwa Ijumaa

KalamuKavu:
Wakuu, habari zenu. Ofisini wameniambia nichague kifaa kimoja cha kazi, simu janja au kishikwambi. Mimi naegemea kishikwambi, maana kioo ni kikubwa na macho yangu si ya jana. Mnasemaje?

SautiYaPembeni:
Kazi gani mkuu? Redio, runinga au gazeti? Unahariri mwenyewe au unatuma ghafi? Bila hayo tutabaki kukupigia ramli.

MzeeWaMaiki:
Simu, basi. Kishikwambi ukikiinua kwenye umati kila mtu anageuka. Januari 2009 ndege ilipotua juu ya mto Hudson kule New York, picha iliyozunguka dunia ilipigwa kwa iPhone na mtu aliyekuwa kwenye kivuko kilichokwenda kuokoa abiria. Mwenye kishikwambi angekuwa bado anafungua kava.

BiMhariri:
Mzee wangu, iPad ilitoka 2010. Umemshinda mtu ambaye hajazaliwa.
Mimi nahariri kila siku. Kukata video ya dakika tatu kwenye kioo cha simu ni adhabu, kidole kinaziba pale pale unapotaka kukata. Kishikwambi na kibodi yake ndogo unaandika habari nzima umekaa chini ya mti. Simu ipige picha, kishikwambi kifanye kazi.

MzeeWaMaiki:
Kaambiwa kimoja, dada. Kimoja.

TunduLaSauti:
Nyote mnabishania kioo, mimi niliumbuliwa na waya. Nilikwenda kumhoji mzee mmoja aliyekuwa haongei na waandishi, nimembembeleza wiki tatu. Nikambana kimaiki kwenye kola, nikachomeka kwenye simu, nikaona namba za muda zinatembea, nikaridhika. Dakika arobaini mzee kafunguka, mpaka machozi. Nimefika nyumbani nasikiliza, nasikia feni. Feni tupu, na mzee kwa mbali kama yuko chumba cha pili. Kumbe kile kimaiki kilikuwa cha kamera, pini yake ina mistari miwili myeusi. Tundu la simu linataka ya mistari mitatu. Simu haikukitambua, ikarekodi kwa maiki yake yenyewe, na nilikuwa nimeilaza kifudifudi juu ya mto wa kiti. Kurudi kumwomba upya sikuthubutu. Tangu siku hiyo narekodi sekunde kumi, navaa visikilizio, nasikiliza, ndipo naanza. Na simu naiweka hali ya ndegeni, simu ikiingia katikati inaweza kukata rekodi.

SautiYaPembeni:
Pole sana. Hiyo ya feni imeniuma.

PichaMnato:
Mnashangilia simu, wenzenu ziliwatoa kazini. Gazeti la Chicago Sun-Times kule Marekani mwaka 2013 walifukuza wapiga picha wote wa kudumu, kisha waandishi wakafundishwa kupiga kwa iPhone.

MzeeWaMaiki:
Waliofukuza ni mabosi. Simu haina mkono wa kusaini barua.

PichaMnato:
Ila ndiyo iliyowapa kisingizio. Na lenzi ya simu mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja inakuletea madoa.

BiMhariri:
Tunatoka nje ya mada. Mwenye uzi yuko wapi?

KalamuKavu:
Samahani, nilikuwa nje na kazi. Ni redio, ila watu wa tovuti nao wanataka picha na video fupi. Halafu nilisahau kusema, simu tayari ninayo, ila kila mara inaniambia imejaa.

SautiYaPembeni:
Kumbe simu unayo! Tangu asubuhi tunagombana bure.

TunduLaSauti:
Angalia mipangilio ya kamera. Kwenye iPhone, video ya 4K, ile ya ubora wa juu, kwa fremu 30 kwa sekunde inakula karibu MB 170 kwa dakika, ile ya 1080p, ya ubora wa chini yake, ni kama MB 60. Kwa tovuti ya kawaida 1080p inatosha kabisa.

PichaMnato:
Na picha usizitume WhatsApp kwa njia ya kawaida, zinabanwa. Tuma kama faili.

SautiYaPembeni:
Hapo tahadhari. Ikienda kama faili, na mahali ilipopigwa panaweza kwenda nayo. Mwaka 2012 John McAfee, yule mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni, wanahabari wakachapisha picha yake bila kufuta taarifa hizo, dunia nzima ikajua yuko Guatemala. Kama una chanzo anayejificha, zima kipengele cha kuonyesha mahali kwenye kamera kabla hujatoka nyumbani.

BiMhariri:
Basi kwa kuwa simu unayo, chukua kishikwambi. Nilisema.

MzeeWaMaiki:
Achukue simu mpya yenye nafasi kubwa, hiyo ya zamani abaki nayo ya akiba. Mtu wa redio kioo kikubwa cha nini?

KalamuKavu:
Macho, mzee, nilisema macho. Swali dogo: hiyo pini ya mistari mitatu, nikinunua simu mpya inaingia wapi?

TunduLaSauti:
Inategemea. iPhone waliliondoa tundu hilo tangu 2016, nyingine nyingi zikafuata. Utahitaji kiunganishi, au maiki isiyo na waya. Hiyo uliyonayo sasa ina tundu?

KalamuKavu:
Ngoja nitoe kava nitazame.