Alfa GT 1300 Junior: nipunguze uzito, nibadilishe injini, au niiache ilivyo?

mwana_wa_kilindini, Mombasa

Salamu waungwana. Nimerithi Alfa Romeo GT 1300 Junior ya marehemu ami yangu, ile ya milango miwili iliyochorwa na Giugiaro alipokuwa bado kijana pale Bertone, karakana ya Kiitalia ya kuchora bodi za magari. Injini inawaka, giaboksi nzima. Boneti, mlango wa buti na sehemu za chini ya milango zimeliwa na kutu, hewa yetu huku mnaijua. Kwa kuwa gari litafunguliwa lote kwa vyovyote vile, tamaa imeniingia.

Mafundi wa Alfaholics wa Uingereza wana kitu wanachokiita GTA-R 290: bodi hiihii ya miaka ya 60, paneli za nyuzi za kaboni, injini ya Alfa ya Twin Spark (plagi mbili kwa kila silinda) iliyotanuliwa hadi lita 2.3, farasi 240 kwa kilo 830. Ndiyo maana ya 290, farasi kwa kila tani. Yangu ina farasi 89 na uzito wa kilo 930 hivi, kwa hiyo ni kama 96 kwa tani. Pesa za kaboni sina. Ninachowaza ni boneti na buti za faiba, viti vyepesi, vioo vya nyuma vya plastiki ngumu, na nikibahatika, injini ya lita 2 ya Twin Spark kutoka Alfa 75, farasi 148.

Je, nikishafanya hayo nitakuwa bado na Alfa, au dude lenye sura ya Alfa? Na pesa zikitosha jambo moja tu, nianze na uzito au injini? Binamu yangu ameshanishauri niuze ninunue Subaru. Huyo msimjibu.

bati_na_nyundo, Dar es Salaam

Mungu amrehemu ami yako. Mimi ni mnyoosha bodi, injini si fani yangu. Nikisema juu ya injini nisikilize nusu, nikisema juu ya bati nisikilize yote.

Faiba usiionee haya. Alfa wenyewe walipotoa GTA, toleo la mashindano la gari hilo, mwaka 1965 waliondoa bati la nje wakaweka paneli za alumini, zikapigwa ribiti juu ya mifupa ya chuma, gari likashuka hadi kilo 745 hivi. Kwa mtu wa Milano sawa. Kwa mtu wa kisiwani, alumini ikigusana na chuma halafu katikati ukapenya unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, tena chini ya rangi. Kwanza utaona malengelenge madogo kuzunguka ribiti, na ukiyakwangua unakuta unga mweupe. Kaboni nayo ikilala juu ya alumini bila kizuizi inaleta balaa lilelile. Faiba haina ugomvi na mtu.

Halafu kaboni haipigwi nyundo. Wale Singer wa California wanaovalisha Porsche 964 bodi ya kaboni nawapa heshima yao yote. Nimezikuza picha za magari yao kwenye simu nikatazama nafasi kati ya mlango na nguzo: iko sawa juu mpaka chini, na najua ni masiku mangapi ya kazi. Ila gari lile halipangi foleni na daladala. Bati likibonyezwa na bajaji nalirudisha kwa nyundo na puti kidogo, jioni unaondoka nalo. Kaboni ikipasuka unaagiza paneli nyingine, kisha unakaa na forodha.

Sasa sikiliza hapa, ndipo watu wanapoua magari. Alfa hiyo haina chasisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chasisi. Sehemu za chini ya milango unazosema zimeoza ndizo zinazoibeba, kwa hiyo usizijazie faiba, na usimruhusu fundi akwambie "tutapaka lami tu, bosi." Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, chomelea bati jipya la unene uleule, tia nta ndani. Milango pia iache ya chuma, maana siku ukigongwa ubavuni ndiyo iliyopo kati yako na mwenzio. Boneti la faiba lifungie pini mbili za mbele, kitasa cha zamani peke yake hakitoshi. Upepo wa kasi ukiingia chini yake linafunguka, linakuja kukusalimia kiooni.

mswahili_coventry

Fundi amemaliza habari ya bodi, mimi nitaongezea hesabu.

Toa kilo 100 kwenye gari lako ukiacha injini ya 1300, unapata farasi 107 kwa tani. Weka Twin Spark bila kutoa kilo hata moja, unapata 159. Kwa karatasi injini imeshinda kwa mbali, na ndiyo inayowadanganya wengi. Injini kubwa inadai rejeta kubwa, klachi nyingine, breki, springi, na kila unachoongeza kina kilo zake. Kilo ukiitoa haidai kitu. Inapunguza kazi ya breki, ya tairi, ya shokapu na ya injini hiyohiyo ndogo, kila kona, siku zote.

Huku karibu kila Jumapili ya kiangazi wenye magari ya zamani wanakutana mahali, na ninachokwenda kutazama mimi ni Lotus Elan ya 1962. Bodi ya faiba, chini yake mgongo mmoja wa bati, chini ya kilo 700 zote. Mazda waliitazama sana hiyo kabla ya kuleta kigari chao cha MX-5 mwaka 1989. Halafu kuna Caterham Seven 170, mjukuu wa Lotus Seven ya 1957: kilo 440, farasi 84, injini ya Suzuki ya cc 660 yenye tabo. Watu wa Bongo, ni ukoo mmoja na injini za kirikuu zenu mpya, zile pikapu ndogo! Piga hesabu: 190 kwa tani, karibu mara mbili ya Alfa, kwa injini ya kubebea nyanya.

Ningekuwa wewe ningeanza na rimu nyepesi na shokapu nzuri. Uzito ulio chini ya springi ndio unaorusha gari kwenye mashimo. Wanaotia betri za umeme kwenye magari haya waacheni na maisha yao.

murramu_tupu, Nakuru

Hakuna aliyemuuliza ataendesha wapi. Tuthill, mafundi wa karibu na Banbury, wanajenga Porsche 911 za East African Safari Classic, shindano la magari ya zamani. Magari hayo yanaongezewa chuma, kinga za chini na springi ndefu, na ndivyo Björn Waldegård alivyolishinda shindano hilo 2011. Katika Safari yenyewe ya 1974, 911 ilimpa nafasi ya pili, nyuma ya Mitsubishi Lancer ndogo ya Joginder Singh. Mafundi haohao wa Tuthill wana 911K, kilo 850, injini inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Karakana moja, magari mawili yasiyojuana. Kwa hiyo wepesi si dini, ni kazi ya barabara.

Kama ni Mombasa–Malindi kwa lami, punguza upendavyo. Lakini sampu (bakuli la oili) ya Alfa hiyo ni ya alumini na inaning'inia chini. Tuta moja la kijijini, oili yote barabarani. Kilo chache za bamba la kinga zirudishe na usizihesabu.

ya_kiwandani_tu, Nairobi

Mimi nitakuwa mbaya wa kikao. Konkuri ya Nairobi, yale maonyesho ya magari yaliyotunzwa, inaandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, na kila mwaka nikienda naona Alfa za milango miwili za umri huo ni za kuhesabu kwa vidole. GTA-R ni kazi safi, ila walioko Ulaya wana Junior mbovu za kukatakata, sisi hatuna. Kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane unaijua. Ukishalikata ukuta wa injini ili Twin Spark ipite, hakuna wa kukurudishia.

mswahili_coventry

Kaka, Twin Spark ya Alfa 75 ni mtoto wa injini hiyohiyo ya zamani. Si lazima ukuta ukatwe.

ya_kiwandani_tu, Nairobi

Basi injini ya 1300 aitie mafuta, aifunge vizuri, aihifadhi. Hapo sina neno.

mwana_wa_kilindini

Shukrani wazee. Nimeamua: chuma cha chini kwanza, kisha boneti na buti za faiba, rimu, shokapu, na bamba la sampu. Injini itabaki ya ami. Anayejua mtu mwenye moldi ya boneti la Junior Afrika Mashariki aniambie, maana nauli ya kuleta boneti kutoka Uingereza inazidi bei ya boneti.

bati_na_nyundo, Dar es Salaam

Moldi utaipata kwenye hilo boneti bovu. Usilitupe. Ziba matundu kwa puti, lisugue mpaka uone uso wako, lipake nta, uwapelekee mafundi wa boti za faiba wachukue moldi juu yake, Mombasa wamejaa. Waambie watumie resini ya kuhimili joto, si ile ya boti ya kawaida, kwa sababu boti haikai juu ya ekzosi. Upande wa ndani bandika karatasi ya kukinga joto. Na waunde mbavu za chini zifuate zile za bati, la sivyo ukifika kilomita 100 kwa saa litaanza kupepea. Tuma picha kabla hujapaka rangi.