Hedseti ikichomekwa simu ya intaneti inaita ndani ya hedseti tu, nani aliwaambia tunaivaa siku nzima???

Wakuu habari za jioni, mimi sina nzuri. Leo nimekosa simu 6 za mteja nikiwa nyumba moja na kompyuta, tena siyo mbali, nipo jikoni nageuza chapati na mlango uko wazi, hata hatua kumi hazifiki. Imeita weee, ila imeita ndani ya hedseti, na hedseti imelala zake mezani pembeni ya kikombe cha chai. Narudi nasikia kitu kinalia ngiii ngiii nikajua mbu, kuangalia kioo simu zilizokosa majibu zimepangana na chini yake mteja kaandika "naona uko bize, tuache tu". Tuache tu! Hela ya kodi hiyo jamani.

Hivi mlio si ni wa kumwita mtu aliye mbali? Maongezi ndo ya sikioni. Kisimu changu cha elfu 60 nikichomeka earphone kinaita kwenye earphone na nje pia, sasa kompyuta ya laki saba inashindwaje?

Wiki iliyopita nikampelekea fundi, akasema spika mbovu, nikamwachia na elfu 15. Kesho yake ananipigia mziki hadi benchi linatikisika, "umeona sista, mashine imepona". Imepona wapi, si umechomoa hedseti!

Nikakaa nikaichimba mwenyewe. Kumbe kwenye kile kitundu cha 3.5 mm pini ikiingia tu mashine inahisi na kuhamisha sauti yote, spika zinanyamaza, umevaa hujavaa umeitundika kwenye msumari yenyewe haijui, pini ni pini. Hedseti ya USB ndo iko tofauti, hiyo kompyuta inaihesabu kama kadi nyingine ya sauti kwa hiyo spika zinabaki hai, na programu inaweza kupeleka mlio kwenye spika na maongezi kwenye hedseti, IKITAKA. Hapo ndo nilipopandwa na hasira upya maana nimeazima ya USB kwa jirani na hii programu ninayotumia (silitaji jina uzi usije ukafutwa) inakupa kuchagua spika moja basi, kila kitu kinapita humohumo. Wakati Skype kabla haijafungwa Mei 2025 ilikuwa inakuruhusu kuchagua mlio uite kwenye kifaa kingine pia, na Teams (ile programu ya simu na mikutano ya Microsoft) wana sehemu ya kuchagua kifaa cha pili cha kuita mpaka leo. Kwa hiyo siyo uchawi, ni uvivu tu. Nimewaandikia watu wao wa msaada wamenijibu baada ya siku nne, "tafadhali hakikisha sauti haijazimwa". Nilisonya peke yangu chumbani.

Nimejaribu na ile splita ya matundu mawili, moja hedseti moja vispika vya nje. Mlio ulisikika mpaka kwa mama mwenye nyumba, safi kabisa, ila nilipopokea na mteja naye akasikika nyumba nzima, ananidai kazi ya juzi na shemeji yangu yuko sebuleni anacheka.

Sasa hivi ninachofanya kila nikinyanyuka nachomoa, nikirudi nachomeka, na tundu limeshaanza kulegea, sikio la kushoto halisemi mpaka nishikilie waya kwa kidole gumba kama antena ya redio ya babu.

Mwenye njia ya kufanya programu za namna hii ziite kwenye spika huku hedseti imechomekwa aimwage hapa, hata kama ni kidude cha kununua, ila asinitajie bei ya laki. Na wewe unayekuja kuandika "zima uwashe" pita kimya, nimezima nikawasha tangu Jumatatu.