Mrejesho: ile saa ya mkononi iliyo wazi, nakshi ni za mkono

Wakuu, niliuliza kama nakshi za saa ya ufunguo aliyoniachia babu, ile ambayo mashine yote inaonekana, zimechongwa kwa mkono. Fundi saa wa hapa Mtwara mjini ameitazama kwa lenzi: ni mkono! Majani yaliyochorwa kwenye nakshi hayalingani kina, na mikato inang'aa. Nakshi za kugongwa kwa chapa huwa na kingo butu.

Uzuri hasa uko kwenye pembe za ndani za matundu yaliyokatwa kwenye bamba linaloshika magurudumu. Zimechongoka kabisa. Kisu cha mashine huzunguka, kwa hiyo huacha pembe ya mviringo; hizi zimemaliziwa kwa tupa. Jirani yangu, mchonga vinyago wa Kimakonde, aliishika muda mrefu, akasema aliyeifanya alijua pa kuachia. Kweli, bamba likipunguzwa mno hupinda, na magurudumu hayashikani sawa.

Imesafishwa, inatembea. Walioniulizia bei: siiuzi.