Dawa za kuambua ngozi za kutumia nyumbani: je, zinafanya kazi kweli?

Nuru: Wanajamvi, salaam. Chunusi zimeniisha, lakini zimeniachia madoa meusi mashavuni na vishimo karibu na panja. Dawa za kuambua ngozi ninazoziona zikiuzwa zimeandikwa asilimia 10, nyingine 30, nyingine hata 70. Naomba kujua kama zinasaidia, na kama namba kubwa ndiyo inayoleta matokeo ya haraka.

Mfamasia: Ndugu Nuru, kwa madoa zinasaidia, kwa vishimo usitarajie. Asidi ya glikoliki, mojawapo ya asidi zinazotumika katika dawa hizo, hulegeza kile kinachoshikanisha seli zilizokufa za tabaka la juu, zikabanduka mapema, na doa la juujuu likafifia taratibu kwa wiki na miezi. Asidi ya salisiliki huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya kwenye vinyweleo na kuvizibua, ndiyo maana huwafaa wenye chunusi. Vishimo vimo katika tabaka la ndani ambako asidi hafifu haifiki, na asidi kali inayofika huko ni ya kupakwa na daktari wa ngozi tu.

Namba nayo isikudanganye, kwa kuwa asilimia ileile ya glikoliki huunguza zaidi pH yake (kipimo cha uasidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) inapokuwa ndogo. Wataalamu wa usalama wa vipodozi nchini Marekani wameweka kikomo cha asilimia 10, na pH isiyopungua 3.5, kwa bidhaa ambazo mtu hujipaka mwenyewe. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu wasinunue zile kali za kutumia bila usimamizi wa mtaalamu. Hiyo ya 70 iache kabisa, nakusihi.

Mama Wawili: Naunga mkono, na nasisitiza kwa sisi wenye ngozi nyeusi: ngozi yetu ikiungua, hata kidogo, hujibu kwa kutoa rangi nyingi zaidi, na doa jipya huweza kuwa jeusi kuliko lile ulilotaka kuliondoa. Jaribu kwanza nyuma ya sikio, usubiri hadi kesho yake. Kuwashwa kidogo ni kawaida; ngozi ikianza kuchoma au kuweka weupe kama wa chaki, osha mara moja kwa maji mengi. Mchana paka losheni ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, la sivyo madoa yatarudi.

Nuru: Nashukuru sana. Usiku napaka tretinoini, ile dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A; niendelee nayo?

Mfamasia: Hapana, isimamishe siku kadhaa kabla ya kuambua, na usiirudie mpaka ngozi itulie.