Mjadala: Nani katuma watu waigeuze The Great Gatsby kuwa filamu?

Wakuu, tangu tarehe 1 Januari 2021 hakimiliki ya riwaya hii ya F. Scott Fitzgerald, iliyotoka mwaka 1925, imekwisha huko Marekani. Yaani mwenye kamera yake anaigeuza filamu bila kumpigia mtu magoti. Nawahi kusema kabla hawajaanza: waiache.

Kwa asiyeijua: Gatsby, kijana wa kimaskini, anampenda Daisy. Anakwenda vitani, huku nyuma Daisy anaolewa na Tom, tajiri wa kurithi. Gatsby anapata fedha kwa magendo ya pombe, ananunua jumba huko Long Island ng'ambo ya maji kutoka kwa Daisy, na kuangusha sherehe mfululizo akitumaini siku moja mwanamke huyo ataingia. Kwa Tom, huyo ni maskini aliyepata tu (methali mnaimalizia wenyewe).

Sasa, kitabuni tunasimuliwa na Nick, jirani aliyekwisha kinai. Anatuambia machungwa huletwa kila Ijumaa kwa makasha, na Jumatatu hutokea mlango wa nyuma yakiwa maganda matupu, huku watumishi wanane wakihangaika na matambara na nyundo kutengeneza vilivyovunjwa. Sinema inaganda kwenye Jumamosi usiku. Ile ya Baz Luhrmann ya 2013 mtu anatoka akitamani kualikwa!

MCHANGIAJI WA KWANZA: Nakupinga, mkuu. Watu waliishambulia filamu hiyo kwa sababu ya muziki wa rapa Jay-Z kwenye hadithi ya mwaka 1922. Lakini jazz ya enzi hizo ndiyo iliyowaudhi wazee, ilikuwa muziki wa vijana walioshindikana. Leo jazz hiyohiyo inaonekana ya kistaarabu. Ukimpigia mtazamaji wa sasa, umempa nota sahihi na maana potofu.

MCHANGIAJI WA PILI: Mnagombania kelele bure. Ya 1974 ilikuwa tulivu, muswada umeandikwa na Francis Ford Coppola, kitabu kikafuatwa hatua kwa hatua. Ikapoa. Stelingi alikuwa Robert Redford, na ukimtazama huoni hata chembe ya mtu aliyewahi kulala njaa. Halafu kuna Daisy. Kitabuni Gatsby anasema sauti yake imejaa fedha. Haya, mleteni mwigizaji wa kuongea hivyo! Msomaji huisikia sauti hiyo kichwani, kila mmoja yake. Mimi naona bora zaidi ni ile ya kimya ya 1926, na hiyo imepotea, kimebaki kionjo tu. Hakuna wa kunibishia.

MWANZISHA MADA: Ha! Hapo umenipata. Na kwenye muziki nalegeza, mchangiaji wa kwanza ana hoja. Ila filamu hiyohiyo ya 2013 inayaandika maneno ya Nick yakielea kwenye skrini. Picha ingekuwa inatosha, maandishi ya nini?

Tena wamemwacha baba. Gatsby akishakufa, mzee Gatz anakuja kutoka Minnesota kumzika mwanawe. Amesimama ndani ya lile jumba lenyewe, anatoa mfukoni picha ya jumba hilo, imepasuka pembeni na kuchafuka kwa kushikwashikwa, anamwonyesha Nick kwa fahari. Picha anaiamini kuliko nyumba aliyomo.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Sasa mkuu, hiyo si sinema tayari? Mzee, chumba, picha mkononi. Haihitaji hata neno moja. Umetuambia waiache, kisha umewaonyesha pa kuanzia.

MWANZISHA MADA: Basi waanze na mzee. Wakianza tena na fataki, nitarudi hapa.