Siku moja Osaka, Jumamosi tarehe 25 Julai: twende wapi na tule nini?

Mtumishi wa Chamwino

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mwenzangu wa ofisini, wote wakazi wa hapa Dodoma, tutakuwa Kobe mwezi Julai kwa mafunzo ya kazi, na ratiba tuliyotumiwa inatuachia siku moja tu isiyo na darasa, yaani Jumamosi tarehe 25. Tumekubaliana kuitumia Osaka, kwa kuwa ni mji mkubwa ulio jirani na kwa kuwa kila anayeutaja hutaja na chakula chake. Orodha yetu hadi sasa ina kasri, hekalu, soko la Kuromon, mnara wa Tsutenkaku, jengo la Abeno Harukas na mtaa wa Dotonbori, na mwenzangu anataka alasiri tufike hadi Nara.

Naomba kujua kama haya yanawezekana bila kukimbizana. La pili ni zito zaidi: mwenzangu ni Mwislamu wa Kondoa, hali nguruwe wala hagusi kilevi, mimi nala chochote isipokuwa samaki mbichi. Posho yetu si ya kuchezea.

Mkazi wa Area C

Ndugu Mtumishi, Nara iondoeni. Ni mji unaostahili siku yake, na mkiuchomeka alasiri mtakuwa mmeona vituo vya treni zaidi ya kitu kingine chochote. Harukas nayo iacheni: ni kweli ina urefu wa mita 300, lakini mtalipa kiingilio ili kutazama mji ambao bado hamjautembea.

Sijui kama mmetambua kwamba tarehe mliyopewa ni siku kuu ya Tenjin Matsuri, sikukuu ya hekalu la Kishinto la Osaka Tenmangu, ambayo huadhimishwa tarehe 24 na 25 Julai kila mwaka na ambayo mizizi yake inarudishwa hadi mwaka 951. Anayeenziwa ni Sugawara no Michizane, msomi na kiongozi wa serikali aliyefariki mwaka 903 akiwa uhamishoni, na ambaye baadaye aliheshimiwa kama mungu wa elimu. Hadi leo wanafunzi humwendea kabla ya mitihani. Alasiri ya tarehe 25 huwa na maandamano ya barabarani, jioni boti zipatazo 100 huingia katika mto Okawa zikiwa na mioto na ngoma, kisha giza likishaingia fataki hurushwa juu ya mto. Watu hukaa ukingoni bila kulipa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuipanga siku nzima kwa kurudi nyuma kutoka hapo, mkianzia kusini mwa mji na kumalizia mtoni.

Kutoka Sannomiya, Kobe, ipo treni ya Hanshin inayofika Osaka-Namba moja kwa moja. Hapo mbadili muingie treni ya chini ya ardhi ya njia ya Midosuji hadi Tennoji, mtembee hadi hekalu la Kibudha la Shitennoji, lililoanzishwa na mwanamfalme Shotoku mwaka 593. Majengo makuu mtakayoyaona ni ya zege, ya karne ya 20, kwa sababu hekalu limeungua na kubomoka mara nyingi, ila mpangilio wa lango, pagoda (mnara wa hekalu wenye mapaa kadhaa) na ukumbi katika mstari mmoja ni ule wa kale. Kampuni ya ujenzi ya Kongo Gumi, ambayo mwanzo wake unatajwa kuwa mwaka 578, ililijenga na kulitunza kwa karne nyingi. Mimi jambo hilo lilinishangaza kuliko pagoda yenyewe.

Kutoka hapo mnashuka kwa miguu hadi Shinsekai, mtaa uliofunguliwa mwaka 1912. Mnara wa Tsutenkaku wa sasa ni wa mwaka 1956, kwani ule wa kwanza ulivunjwa wakati wa vita na vyuma vyake vikachukuliwa. Utazameni kutoka chini, inatosha. Kasri mliendee alasiri, maana kutoka bustani yake hadi mto Okawa ni mwendo wa miguu.

Binti Kondoa

Kaka Mtumishi, kuhusu chakula mwambie ndugu yangu kwamba tatizo la Japani si nguruwe anayeonekana, bali asiyeonekana. Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi inayookwa juu ya bamba la chuma mbele yako, kwa kawaida huwekewa vipande vya nguruwe. Unaweza kuagiza ya uduvi au ngisi, lakini bamba ni lile lile. Kushikatsu, ambayo ndiyo fahari ya Shinsekai, ni vijiti vya nyama, samaki au mboga vilivyopakwa rojo na chenga za mkate kisha vikakaangwa. Hata ukichagua kitunguu au uyoga, mafuta yamekwisha kukaangia nguruwe, na wapo wanaotumia mafuta ya wanyama. Hivyo wewe kula, naye asubiri. Ukila, zingatia sharti la mtaa ule: sosi ya pamoja huchovywa mara moja tu, kabla ya kuuma. Siku hizi maduka mengi yameweka chupa badala yake.

Takoyaki ni madonge ya unga yenye kipande cha pweza ndani, na chuma chake kina vishimo kama cha vitumbua. Sisi wa bara pweza hatukumzoea, lakini wa pwani humla bila swali. Shida inaweza kuwa kwenye mchuzi na sosi, ambazo wakati mwingine hutiwa pombe ya kupikia. Aulize.

Njia salama ni kutafuta mkahawa wenye cheti cha halali, nayo ipo maeneo ya Namba. Vilevile Kobe mnakofikia kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza nchini Japani, ambao ulinusurika mabomu ya vita na tetemeko la mwaka 1995. Jirani yake kuna maduka ya vyakula vya halali, kwa hiyo anunue Ijumaa akitoka kuswali.

Mzee wa Kikuyu

Wanangu, mmesahau joto. Julai Osaka hupita nyuzi 30, na si joto letu kavu la Dodoma ambalo ukiingia chini ya mwembe unapumua. Lile lina unyevu, na kivuli hakisaidii sana. Bustani ya kasri saa 9 alasiri ni adhabu. Ningewashauri waende kasri asubuhi na mapema na Shinsekai mchana, ambako angalau kuna paa na viyoyozi.

Tena wasilipie kupanda juu. Mtawala Toyotomi Hideyoshi alianza kulijenga mwaka 1583, likaangushwa na akina Tokugawa, ukoo hasimu wa kina Toyotomi, mwaka 1615, likajengwa upya, likapigwa na radi mwaka 1665, na ghorofa inayopigwa picha leo ni ya zege ya mwaka 1931 yenye lifti na makumbusho. Kilicho cha kale kweli ni kuta za mawe na mahandaki ya maji, na bustani haina kiingilio. Watafute jiwe liitwalo Takoishi karibu na lango la Sakuramon, linalokadiriwa kuzidi tani 100, lililoletwa enzi ambazo hapakuwa na kreni.

Mkazi wa Area C

Mzee, shikamoo. Kuhusu joto nimekubali, japo watalazimika kurudi kaskazini jioni. Dotonbori basi iwe ya mchana: wataona mfereji uliokamilika mwaka 1615 na bango la mkimbiaji wa Glico, kampuni ya peremende, ingawa bila giza taa zake hazina nguvu.

Mtumishi wa Chamwino

Nawashukuru sana. Nara imefutwa, na mwenzangu amenuna kidogo. Je, baada ya fataki tutarudije Kobe?

Mkazi wa Area C

Ondokeni kabla ya fataki za mwisho. Kituo cha Osaka-Temmangu cha JR, kampuni ya reli, kina treni ya kwenda Amagasaki, mnapobadili kwa ajili ya Sannomiya. Mkikuta foleni imefika barabarani, tembeeni magharibi hadi Umeda, mpande treni ya Hanshin au ya Hankyu. Beba mfuko wa takataka zenu, maana mapipa mtaani ni nadra.