Mhusika wangu wa kitabu cha watoto anabadilika sura kila ukurasa, naombeni msaada

Penseli_2B

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada kwa mliowahi kuchora vitabu vya watoto. Rafiki yangu mwalimu wa chekechea kanipa hadithi ya kima punju mdogo wa kike anaitwa Tunu, anaishi msitu wa Jozani kule Unguja na anaogopa kuvuka barabara inayokatiza msitu. Kitabu ni kurasa 32, watoto wa miaka 4 mpaka 7. Hadithi tamu kwelikweli na nataka niitendee haki, shida ni kwamba Tunu wa ukurasa wa 3 na Tunu wa ukurasa wa 9 utasema ni ndugu tu, siyo yeye yule yule. Mara kichwa kikubwa, mara mkia umefupika, mara amekuwa mtu mzima. Halafu nikimuangalia namuona ni kima yeyote tu, hana kitu chake mwenyewe. Na mwalimu anataka nimvalishe kagauni ka shule ka bluu, mimi nasita. Nyie huwa mnafanyaje? Picha za mfano natoa mtandaoni.

MzeeWaWino

Mkuu simamisha kurasa kwanza, usichore ukurasa mwingine hata mmoja. Chukua karatasi moja kubwa, mchore Tunu amesimama kwa mbele, ubavuni, mgongoni na robo upande (kageuka kidogo, kati ya mbele na ubavu), wote kwenye mstari mmoja ili urefu ulingane. Kipimo chako ni kichwa chake. Amua mwili ni vichwa vingapi, mkia ni vichwa vingapi, mkono ukining'inia unafika wapi, uandike pembeni kabisa kwa namba. Ukitaka aonekane mtoto kichwa kiwe kikubwa kuliko kawaida na macho yashuke chini ya nusu ya uso, hapo ndipo watu wengi wanapoteza utoto wa mhusika, macho yanapanda juu polepole bila mchoraji kujua.

Karatasi ya pili ni sura zake: ameogopa, amefurahi, amenuna, ana usingizi, anataka kudanganya. Lakini usiishie usoni tu. Tunu akiogopa mkia wake unafanya nini? Anashika kitu? Anajificha nyuma ya nani? Ukijibu hayo ndiyo utaanza kumjua.

Halafu mjaze nyeusi yote, umpunguze mpaka alingane na kidole chako, umuweke katikati ya kima wengine nao weusi hivyo hivyo. Usipomtambua rudi kwenye umbo, rangi haitakuokoa. Karatasi hizo zibandike ukutani mbele ya meza, uwe unazitazama kila unapoanza ukurasa.

Wa_Pete

Assalaam alaykum. Mimi natokea jirani na Jozani, hawa wanyama nimekua nikiwaona, sasa nakuomba sana usimchore kwa kutegemea picha za mtandaoni maana nyingi zinachanganya kima wa kila aina.

Kima punju hana dole gumba la kueleweka, ni kama kifundo tu, kwahiyo ukimchora ameshika tawi ameshika kwa vidole vinne vilivyojikunja kama ndoano. Uso mweusi, pua na midomo ina rangi ya pinki, nywele nyeupe ndefu zimesimama kuzunguka uso, mgongo mwekundu, mabega na mikono meusi, tumbo jeupe. Na tafadhali usimpe ndizi mbivu! Matunda mabivu tumbo lake haliyawezi ile sukari, yeye anakula majani na matunda mabichi. Anapenda majani ya mwembe na ya mti wa mkungu, na akishashiba hayo anatafuta makaa anatafuna. Ndiyo, makaa haya haya ya jikoni, wanaokota hata kwenye tanuri za wachoma mkaa. Wataalamu wanasema yanapunguza sumu iliyomo kwenye majani.

Nguo mimi nakataa. Mnyama huyu duniani kote anapatikana kwetu Zanzibar tu, mtoto wa Unguja akimuona ndani ya gauni utakuwa umemficha kitu chake mwenyewe. Na barabarani weka matuta, yaliwekwa hapo kwa ajili yao, gari zilikuwa zinawagonga sana.

Mama_Chekechea

Nakubaliana na Wa_Pete kuhusu gauni ila namuelewa mwalimu, anachotafuta ni alama. Watoto wa miaka minne hawasomi maandishi, wanamtafuta mhusika kwa kidole, ukifungua ukurasa tu "huyu hapa!" wakimkosa wanavunjika moyo na kitabu wanakiacha. Kwenye kundi la kima ishirini Tunu lazima awe na kitu kimoja ambacho wenzake hawana. Kwanini isiwe hayo makaa? Mtoto mchafu wa masizi kila mtoto anamjua.

Penseli_2B

Jamani mmenifungua sana, Mungu awabariki. Makaa nayachukua! Nampaka masizi usoni basi, mwalimu nitamuelezea kuhusu gauni, nadhani atakubali.

MzeeWaWino

Usoni hapana mkuu, Wa_Pete kasema uso ni mweusi, masizi hayataonekana. Mpake kwenye tumbo jeupe, alama ya kiganja cha vidole vinne, na kidogo kwenye zile nywele nyeupe upande wake wa kushoto. Upande wa kushoto siku zote, andika kwenye karatasi yako, maana ukianza kugeuza picha kwenye kompyuta masizi yatahamia kulia. Akigeuza mgongo tumbo halionekani, kwahiyo mpe na kipande cha kaa mkononi.

La mwisho, ule mgongo mwekundu kwenye skrini unawaka vizuri ila kwenye karatasi hufifia, omba mchapaji akutolee ukurasa mmoja wa majaribio kabla hujapaka rangi kurasa zote. Acha milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na uso wa Tunu usikae kwenye mkunjo wa katikati. Ukimaliza zile pande nne tupia hapa tuzione.